Afande akikushika, angalia saa kwanza

Mwaka juzi, Ijumaa moja kwenye saa kumi na moja jioni, dogo anayeendesha bajaji yangu akashikwa kule njia ya Nkuhungu, hapa Dodoma, kosa lenyewe eti kamjibu askari vibaya. Nikapigiwa simu na dereva mwenzake, nikakimbia kituoni na kaptula yangu ya nyumbani, kufika kaunta naambiwa mpelelezi keshaondoka mpaka Jumatatu, ila kama nna laki na nusu "ya dhamana" kuna afande anaweza kuliangalia. Nikatoa. Nilikopa elfu themanini kwa jirani nikatoa, dogo akatoka saa mbili usiku, hakuna risiti wala karatasi, hakuna sehemu jina lake lilipoandikwa kwamba alilala hata dakika kumi mle ndani. Yani kwenye makaratasi dogo hakuwahi kukamatwa na mimi sikuwahi kutoa hela, ndo uzuri wa huo mchezo kwa anayeucheza.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza uliza, kuna mama mmoja mtaani kwetu ni msaidizi wa sheria, wale wa kusaidia watu bure, akanicheka kwanza halafu akaniuliza: alishikwa saa ngapi? Nikamwambia jioni jioni hivi. Akasema basi hapo ndo ulipoibiwa, kwa sababu sheria yote ya kukamatwa inatembea na saa na wewe saa hukuwa nayo. Nayaandika hapa aliyonifundisha pamoja na niliyojifunza mwenyewe kwa kuchomwa jua nje ya vituo, kwaiyo vumilieni kama naruka ruka.

Ukishikwa, kitu cha kwanza ni meseji. Sio kupiga simu, meseji ya kawaida, kwa sababu meseji inabaki na saa yake. Andika fupi tu: "nimeshikwa saa 11 na dakika 5 jioni, karibu na soko la Majengo, askari wawili, difenda namba fulani, wanasema wananipeleka kituo fulani". Mtumie mtu ambaye ataamka, maana kuna ndugu wengine ukiwatumia saa hizo unasoma majibu ukishatoka. Na namba ya huyo mtu iweke kichwani, msiniambie iko kwenye simu, simu ndo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Mimi nimewalazimisha madereva wangu wote wawili wakariri namba ya mke wangu kama wanavyokariri Baba Yetu.

Halafu uliza, kwa adabu, "afande samahani, nakamatwa kwa kosa gani?" Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekukamata akuambie sababu, sio hisani hiyo. Uliza kwa sauti ambayo watu waliosimama pembeni wanaisikia lakini sio ya kugomba. Usikimbie, usimshike mkono, usimtukane hata kama kakutukania mama. Ukimsukuma tu kidogo ushamtengenezea kesi ya kumzuia askari kufanya kazi yake, na hiyo inakuwa kesi ya kweli wakati ile ya kwanza ilikuwa ya kubambikiwa. Angalia jina au namba iliyopo kwenye nguo yake. Kama wamevaa kiraia, na siku hizi mnajua wenyewe kuna watu wanaitwa wasiojulikana, omba kitambulisho, omba kuambiwa kituo, na hapo ndo unaruhusiwa kupiga kelele: taja jina lako kamili, taja mtaa wako, taja namba ya ndugu yako ukirudia rudia mpaka mtu mmoja pale aishike. Sio aibu.

Sasa masaa yenyewe. Mahojiano ya polisi yana masaa manne ya kuanzia toka uwe chini ya ulinzi, wakiona hayatoshi wanaweza kuongeza mengine yasiyozidi manane, wakitaka zaidi ya hapo wanaenda kwa hakimu. Muda wa kusafirishwa na muda wa kumsubiri wakili wako hauhesabiwi, kwaiyo usije ukabishana na mtu kaunta na saa ya mkononi kama refa. Alafu kuna yale 24 ambayo kila mtu kayasikia: kama hamna uwezekano wa kukufikisha mahakamani ndani ya masaa 24, mkuu wa kituo anatakiwa akuachie kwa dhamana, isipokuwa kosa ni zito. Na ukiambiwa "kosa lako halina dhamana" uliza ni lipi, maana yasiyo na dhamana yanajulikana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine ya namna hiyo. Kumjibu afande vibaya haimo.

Ijumaa jioni ndo saa mbaya kuliko zote na wala sio bahati mbaya. Mtu anashikwa Ijumaa ili ndugu wapige hesabu ya usiku tatu mahabusu, wakishapiga hiyo hesabu mkono unaenda mfukoni wenyewe. Dawa yake ni kujua kwamba dhamana ya polisi haina wikiendi. Mpelelezi kaondoka, sawa, mkuu wa kituo yupo au anayekaimu yupo, kituo hakifungwi kama duka. Muulizie huyo. Usizunguke kaunta ukiongea na kila mwenye yunifomu, kila unayeongea naye anaweza kuwa na bei yake.

Na dhamana ni bure. Imebandikwa ukutani kwenye vituo kibao, "dhamana ni haki, dhamana ni bure", unaisoma huku unaombwa hela chini yake. Kinachotakiwa ni mdhamini anayeeleweka, kitambulisho chake cha taifa (NIDA), na mara nyingi barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kwaiyo ushauri wangu, mjue mwenyekiti wako wa mtaa kabla hujamhitaji. Msalimie, hudhuria hata kikao kimoja kwa mwaka, mjue na mtendaji. Kumwamsha mtu saa tatu usiku akupigie muhuri wakati hakujui hata sura ni kazi.

Kule ndani, dogo au wewe mwenyewe, kumbuka una haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Jina, anwani, unatoa. Mengine unaweza kusema "nitaongea wakili wangu au ndugu yangu akiwepo". Ukiamua kutoa maelezo, soma kila ukurasa kabla ya kusaini, kama hujui kusoma vizuri omba usomewe, kama kuna kitu hukusema sema kirekebishwe hapo hapo. Usisaini karatasi tupu. Hata afande akiwa mpole kama padri, karatasi tupu usisaini. Vitu vyako wakivichukua, simu, hela, mkanda, viandikwe na idadi yake, noti ngapi za elfu kumi, simu aina gani. Hapo ndo watu wengi wanapotezaga hela, sio kwenye rushwa.

Upekuzi wa nyumbani nao una kanuni zake. Kwa kawaida wawe na hati ya upekuzi, iwe mchana, usiku mpaka mahakama iruhusu, ingawa kuna dharura ambazo sheria inawapa mwanya na wanaupenda sana huo mwanya. Wewe usizuie mlango, ila sema unaomba mjumbe au mwenyekiti au jirani awepo, na waombe kistaarabu waonyeshe mikono na mifuko kabla hawajaingia, mbele ya huyo shahidi. Kitu cha kubambikiwa huwa kinaingia na mtu. Wakichukua chochote wakupe karatasi ya orodha, na mashahidi wasaini. Mwanamke anapekuliwa mwilini na askari mwanamke, hapo hakuna majadiliano.

Trafiki ni rahisi zaidi kwa sababu wao karatasi zao ziko kwenye mashine. Ukikosea kweli kubali uandikiwe, gari ilikuwa elfu thelathini kwa kosa, bodaboda na bajaji ilishushwa ikawa elfu kumi kwenye bajeti ya 2021, unapewa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) unalipa kwa simu. Ukiambiwa "tuyamalize hapa hapa kwa elfu tano" najua inavutia, hesabu ni hesabu, lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, na kesho yake yule yule anakusimamisha tena kwa sababu keshajua wewe ni mteja. Mimi nikishaona anazunguka zunguka na leseni yangu nasema tu, "afande naomba uniandikie." Nusu ya safari wananirudishia leseni kwa hasira. Na kama unaona hukukosa unaruhusiwa kukataa faini na kwenda mahakamani, ingawa nakuwa mkweli, kwa elfu kumi sijawahi kwenda.

Mgambo na wale wa kukusanya ushuru, kanuni ni moja: hela ya halmashauri inalipwa kwa kontroo namba au risiti ya mashine, haiingii kwenye mfuko wa koti. Wakikubebea mzigo, omba orodha, piga picha mzigo kabla haujapanda gari. Basi.

Wakubwa sasa. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wana mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani masaa 48, ipo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Watu wengi wanadhani mheshimiwa akikasirika kwenye mkutano akasema "mkamateni huyo" ndo imetoka hiyo. Hapana. Ni mpaka kuwe na kosa au hatari ya kweli ya kuvunjika amani, aandike sababu kwa maandishi, ufikishwe mahakamani ndani ya hayo 48, yakipita bila kufikishwa unaachiwa na hawezi kukukamata tena kwa sababu ile ile. Mtu kumuuliza mheshimiwa hela ya kisima imeenda wapi sio kuvunja amani. Lakini sikushauri umfundishe sheria pale jukwaani mbele ya watu, atakufundisha na yeye. Kaa kimya, ndugu wahesabu masaa, na waende kuomba hayo maandishi.

Kama umepigwa, picha siku hiyo hiyo, kila jeraha, na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ndio, PF3 inatolewa na polisi na waliokupiga ni polisi, nenda kituo kingine. Kama hali ni mbaya hospitali kwanza, fomu itafuata. Kama ndugu kashikwa na kila kituo kinasema hakijamuona, zunguka vituo ukiandika uliongea na nani saa ngapi, fungua taarifa ya mtu kupotea upewe RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo), na siku hiyo hiyo tafuta wakili, maana Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru mtu aletwe mbele yake.

Kulalamika, hapa sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuitumii. Makao makuu ya karibu kila kitu yapo huku, TAKUKURU wale wa kuzuia rushwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Mwenzetu wa Kigoma anapanda basi, wewe unapanda daladala. Malalamiko ya askari yanaanzia kwa mkuu wa kituo, kisha OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kisha RPC (kamanda wa polisi wa mkoa). Rushwa unapiga TAKUKURU 113 bure, na piga kabla hujatoa hela sio baada, maana wakiwahi wanaweza kuweka mtego. Kiongozi wa kisiasa unampeleka Sekretarieti ya Maadili. Kumshtaki serikali mahakamani kunataka notisi ya siku 90 kwanza, hiyo muachie wakili, na kama huna hela ya wakili kuna watoa msaada wa kisheria chini ya ile sheria ya 2017, uliza ofisi ya kata. Video usikimbilie kurusha mtandaoni. Itunze, mpe mtu nakala, maana ukikosea neno moja kwenye maelezo yake Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakugeuza wewe mtuhumiwa.

Kila barua peleka mbili, moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea na tarehe.

Mwaka huu dogo kashikwa tena, Ijumaa tena, saa kumi na robo, meseji ninayo. Nikaenda na barua ya mwenyekiti, na yule mama msaidizi wa sheria, na thamosi ya chai maana nilijua tutakaa. Tukakaa. Kila baada ya muda nauliza, "shikamoo mkuu, muda wa dhamana vipi?", naandika kwenye daftari, wakawa wanaliangalia lile daftari kuliko wanavyoniangalia mimi. Saa nne na nusu usiku akatoka, sikutoa hata mia. Ila betri ya bajaji iliyokuwa imelala uani kwao ilipotea, barua iko kwa mkuu wa kituo, nakala yangu ina muhuri, na kwenye kalenda ya ukutani nimezungushia Jumanne ijayo niende kuulizia.