Jinsi ya kuomba kuhamishiwa barua pepe, majina na kalenda kwenye anwani ya ofisi

Kama uko halmashauri au taasisi ya umma hapa Mtwara na barua za kazi bado zinaingia kwenye Gmail yako binafsi, unatakiwa uwe na anwani inayoishia na go.tz. Andika dokezo kwa mkuu wa taasisi, lipitie kwa mkuu wako wa idara, litashuka kwa Afisa TEHAMA. Taja majina yako kama yalivyo kwenye ajira, cheo, idara, simu na anwani ya zamani. Kisha andika wazi kwamba unaomba kufunguliwa anwani na pia kuhamishiwa barua za kazi, majina ya watu unaowasiliana nao na kalenda. Usipoandika hivyo utapewa kikasha kitupu, na hakuna aliyekukosea.

Msimu wa korosho usihame. Mimi nilihama wiki ya mnada. Orodha ya maghala ikatumwa anwani ya zamani, nikaijua kesho yake kwa simu ya lawama.

Ombi likipita, anza na majina. Kwenye kompyuta fungua orodha ya majina ya Google, yatoe kama faili la vCard. Humo hayamo yaliyohifadhiwa kwenye laini au kwenye simu yenyewe, na mara nyingi katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) unayemtafuta kila wiki yuko huko. Hayo yaingize kwanza kwenye akaunti ya Google, ndipo utoe faili. Ukiwa hapo, futa marudio: Fundi, Fundi Jenereta, Fundi Jenereta Mpya.

Kalenda hutoka kama faili la ics. Ukishaliingiza, hakikisha mfumo mpya unafuata saa za Dar es Salaam. Ukiachwa kwenye UTC (saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu), kikao cha saa tatu asubuhi kitaonekana saa kumi na mbili asubuhi. Kalenda za wenzako huwezi kuzitoa wewe. Waombe wakushirikishe upya. Vikao ulivyoitisha mwenyewe viitishe tena kwa anwani mpya, la sivyo ukiahirisha, taarifa itatoka kwenye anwani ya zamani.

Barua zenyewe ndizo zinazokula muda. Weka akaunti zote mbili kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, kwa njia ya IMAP (inayoonyesha folda zote za kwenye seva), si POP (inayoshusha kikasha tu), halafu nakili folda moja moja. Nasema nakili, usihamishe: umeme ukikatika katikati, za zamani bado zipo. Barua yenye lebo mbili kwenye Gmail huonekana kwenye folda mbili, kwa hiyo ile folda ya barua zote iache, utajaza kikasha kwa marudio. Google huruhusu kushusha takriban MB 2,500 kwa siku kupitia IMAP. Mwenye GB 6 ajipange kwa siku tatu, tena kwa intaneti ya ofisi. Bando lako litakufa siku ya kwanza. Picha za harusi ya shangazi ziache huko huko.

Washa usambazaji ili barua mpya zinazoingia Gmail zifike ofisini, kisha badilisha anwani kwenye mifumo unayoingilia, kama ESS (wa watumishi) na NeST (wa manunuzi ya umma).

Afisa TEHAMA akiuliza kama afunge ombi, tafuta barua ya miaka mitatu iliyopita yenye kiambatisho, uifungue kwenye anwani mpya. Kiambatisho kikifunguka, mwambie afunge.