Kutunza mapambo ya Krismasi mpaka mwakani

Wengi tunatoa mti Januari 6 ikishapita, na hapo ndo mapambo yanaharibika, sababu kila mtu anataka kumaliza haraka. Anza na taa, zichomeke kwanza uone kama zinawaka zote, zilizokufa weka pembeni, alafu chomoa ndo uzungushe waya kwenye kipande cha kadibodi ulichokata mkato pembeni wa kushika plagi. Usizikunje kwa kuzivuta, waya mwembamba unakatikia ndani na hutaona ulipokatikia. Ile mipira inayopasuka ipange kwenye trei za mayai, za plastiki ni nzuri zaidi kwa sababu mende wanapenda sana makaratasi.

Mti ufute vumbi kwa kitambaa kikavu, kunja matawi kuelekea juu, funga na kamba.

Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, unyevu ndo adui mkubwa jamani, kwahiyo tumia ndoo au kontena lenye mfuniko unaobana, tupia na vile vipakiti vinavyokujaga kwenye maboksi ya viatu vinanyonya maji. Usiweke chini sakafuni wala karibu na bati, joto linalainisha plastiki. Andika nje kilichomo.