Mapazia na kitambaa cha sofa: anza na jua na vumbi la nyumba yako, rangi baadae

Watu wengi wakitaka kupendezesha sebule wanaanza na rangi. Mtu kaona picha kwenye simu, grey na gold, anaenda Kariakoo anaitafuta hiyo hiyo mpaka aipate, alafu baada ya muda pazia limepauka upande mmoja na kochi limeanza kubanduka ngozi, analaumu muuzaji. Kumbe kitambaa ni kizuri tu ila hakikufaa kukaa pale alipokiweka. Kwahiyo kabla hujatoa hela simama sebuleni kwako asubuhi, urudi tena saa kumi jioni, angalia jua linapiga wapi. Dirisha la magharibi ndo linaua vitambaa. Pia jiulize vumbi likoje, mana wa Dodoma na wa Masaki hawana vumbi moja, na kama una watoto wadogo hilo ni swali lingine kabisa.

Tuanze na mapazia mana hapo ndo hela nyingi inapotea. Dirisha linalopigwa jua kali usiweke rangi nzito kama maruni au bluu ya giza bila bitana, itapauka na utaiona kila siku, bora rangi ya krimu, kahawia ya mchanga au kijivu chepesi. Poliesta inavumilia jua kuliko pamba na haijikunji sana ukifua, ndo maana mapazia mengi madukani ni ya hiyo, na sio vibaya. Pamba na lineni zinaanguka vizuri sana ila zinapauka haraka na zinapungua ukubwa zikifuliwa, kwahiyo fua kitambaa kabla fundi hajakata. Na shiya (lile pazia jepesi linalopitisha mwanga) peke yake isikudanganye, mchana inaficha vizuri, usiku ukiwasha taa ndani walioko nje wanakuona vizuri tu, lazima iwe na pazia zito juu yake.

Sasa vipimo, na hapa naomba usome taratibu. Chukua futikamba upime dirisha, alafu fimbo iwe ndefu kuliko dirisha kama sentimita 20 kila upande ili ukifungua pazia likae ukutani lisizibe mwanga. Tuseme dirisha ni sentimita 150, fimbo inakuwa 190. Pazia ili liwe na marinda ya kueleweka linataka upana mara mbili ya fimbo, yaani 380, ongeza na pindo za pembeni unafika mita 4. Urefu kutoka kwenye fimbo mpaka karibu na sakafu tuseme 230, weka pindo za juu na chini ni 255.

Ukikuta jora lenye upana wa sentimita 280, huo upana unageuzwa unakuwa urefu wa pazia, kwahiyo unanunua mita 4 tu basi umemaliza. Ila ukikuta jora la sentimita 150, inabidi vipande vitatu viungwe, kila kimoja 255, jumla mita 7 na sentimita 65, na kama kitambaa kina maua makubwa yanayotakiwa kukutana kwenye maungio inaongezeka tena. Sasa kama duka lenye jora la 280 mita moja ni bei fulani na lenye jora la 150 ni rahisi kidogo, unaona ulivyo urahisi wa uongo? Swali la kwanza kwa muuzaji ni upana wa jora, bei baadae. Swali la pili ni kama anapima kwa mita au kwa yadi, mana yadi ni sentimita 91 na kidogo, yadi 4 ni kama sentimita 366, kwa dirisha letu hapo juu umepungukiwa sentimita 34 na jora lenyewe ukirudi limeshaisha.

Kujua kitambaa ni pamba kweli au umeambiwa tu, omba nyuzi chache za pembeni, nje ya duka ziwashe na kiberiti. Pamba inaungua ikinuka kama karatasi na majivu yake ukiyashika yanasagika kuwa unga. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kitone kigumu, subiri kipoe kabla hujakigusa. Ikiyeyuka na kuungua kwa pamoja huo ni mchanganyiko. Kujua kama rangi inachuja, lowesha leso nyeupe usugue kwenye kitambaa kwa nguvu, rangi ikihamia kwenye leso basi itahamia na kwenye nguo za wageni wako.

Kochi lina mambo yake. Leza feki, yaani ngozi ya bandia, kwa joto la pwani mimi siishauri hata kama inafutika kirahisi, mgongo unaloa jasho na baada ya muda inachanika na kubanduka vipande vipande. Velveti ni nzuri ila inashika vumbi na nywele za paka, na chumba kisichopata hewa kwenye mvua za masika inaweza kutoa ukungu, kwahiyo iweke kwenye chumba chenye madirisha yanayofunguliwa. Kwa nyumba yenye watoto tafuta kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kishike kwenye mwanga kama unaona vitundu kiache, kikwaruze na kucha kama nyuzi zinavutika kiache pia. Ukitengenezea kwa mafundi wa Keko au popote, mwambie aweke kava za mito zenye zipu, na uende kuona fremu na sponji kabla hajafunika, mana akishafunika kila kochi linaonekana zuri.

Kama hela imebana usibadilishe kochi, badilisha foronya. Khanga ya pamba inafanya kazi hiyo vizuri mno, doti moja ukiipanga vizuri inatoa foronya 6 za mito ya sentimita 45, foronya 3 kwa kila khanga moja ya doti, ila ukitaka jina la khanga lionekane mbele hesabu hiyo inapungua. Ifue kwanza peke yake, mana khanga mpya ina wanga na nyingi zinachuja mwanzoni. Kitenge nacho kinafaa, ila kama pazia lina maua weka foronya za rangi moja, vyote viwili vikiwa na maua chumba kinachosha macho.

Siku ya kununua omba sampo ya kitambaa hata ya kiganja uende nayo nyumbani, taa za dukani ni nyeupe kali, rangi inabadilika ikifika kwako. Wa Zanzibar na wote mnaokaa karibu na bahari fimbo za chuma cha kawaida zinashika kutu na kutia madoa kwenye pazia, chukueni za mbao au chuma kisichoshika kutu. Na kama umepanga, mwambie fundi pindo la chini aache sentimita 15 ndani, ukihamia kwenye madirisha marefu unafumua unashusha.