Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kutembelea Makumbusho na Kumbukumbu za Bagamoyo

Bagamoyo iko karibu na Dar es Salaam, na ukaribu huo ndio unaowaponza watu. Kwa kuwa ni kama kilomita 70 tu, mtu anaamka Jumamosi bila haraka, anakusanya watoto na wageni, anafika saa saba jua likiwa utosini, halafu anataka kumaliza magofu ya Kaole, Misheni ya Kikatoliki, Ngome Kongwe na ufukwe kabla ya magharibi. Wanarudi wamechoka na wamenuniana, na ukiwauliza wameona nini, wanakusimulia pweza wa kukaanga. Nimesindikiza huko ndugu, wanafunzi na wageni kwa miaka mingi, na nimeona watu wazima wakiharibiwa siku kwa mambo ambayo yangezuilika. Soma kabla hujapanda gari.

Toka alfajiri. Daladala za Bagamoyo utazipata kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, na mwenye gari lake ajue kwamba Tegeta hadi Bunju foleni haina adabu. Ukifika saa mbili na nusu asubuhi umeshinda nusu ya vita.

Kisha usiingie mjini kwanza. Nenda Kaole moja kwa moja, kilomita kama 5 kusini mwa mji, kwa sababu pale ni magofu ya wazi na kivuli ni cha kuvizia. Kama huna gari chukua bajaji, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujaketi. Pale kuna mabaki ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi 22, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Kaole ilikuwa bandari. Mikoko na matope vikaziba njia ya majahazi, biashara ikahamia Bagamoyo, na mji ukabaki hivyo unavyouona. Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba makaburi yale bado yana wenyewe. Watu wanakuja kuomba dua na kuweka nadhiri. Kwa hiyo usikalie kaburi, usiegemee nguzo, usimpandishe mtoto juu ya ukuta ili apigwe picha. Kuta zile ni matumbawe na chokaa, na kipande kikimomonyoka hakirudi.

Viatu vya kufunika, kofia, maji. Hilo halihitaji maelezo.

Mavazi yanahitaji. Utapita kwenye mitaa ya Waislamu, utaingia kanisani, utasimama makaburini, yote katika siku moja. Magoti na mabega yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Beba kanga mbili za ziada kwenye mkoba, maana kila msafara una mtu mmoja aliyekuja na kaptula ya kuogelea.

Angalia siku pia. Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi kama saa nane, usitegemee kumpata kila mhusika mahali pake, na usizungukezunguke na kamera karibu na misikiti. Jumapili asubuhi kanisa la Misheni ni mahali pa ibada, kwa hiyo subiri misa iishe au ingia usali. Mwezi wa Ramadhani beba chakula chako na ukile ndani, si barabarani mbele ya waliofunga.

Kuhusu malipo, usibebe noti peke yake ukadhani umemaliza. Maeneo ya serikali siku hizi mengi hulipiwa kwa namba ya malipo, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu na chaji ya kutosha. Raia wa Tanzania analipa tofauti na mgeni, na mwanafunzi tofauti na mtu mzima, lakini hakuna atakayekuamini kwa sura. Beba kitambulisho cha taifa, na shule ibebe barua yenye mhuri na orodha ya majina. Dai risiti. Bila risiti, pesa uliyotoa haikwenda kutunza jengo lolote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili, nalo ni nani atakayekusimulia.

Bagamoyo si mji wa vioo na maandishi makubwa. Majengo mengi yako kimya, na asiyeelezwa hupita. Kwa hiyo watu hukubali mwongozaji yeyote anayejitokeza, mara nyingi kijana aliyewapokea kituoni na maneno matamu. Mwaka mmoja tulikwenda na shangazi yangu kutoka Tabora, dada wa baba, mwanamke mwenye miaka sabini na kitu, ambaye alikuwa amesubiri safari hiyo tangu msichana. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi, yaani mbeba mizigo wa misafara ya biashara. Katika ukoo wetu habari hiyo husimuliwa kwa fahari: kwamba alishuka pwani na pembe ya ndovu begani, akarudi na doti za nguo, akaoa kwa mali aliyoitafuta mwenyewe. Kwa Wanyamwezi wa zama hizo, kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa bado hajawa mwanamume kamili. Shangazi alitaka kukanyaga alipokanyaga mzee.

Mwongozaji tuliyemkuta alikuwa ameshapatana na binamu zangu kituoni. Hakuwa na kitambulisho. Akatuweka chini ya mwembe, akaanza. Akasema kila mtu mweusi aliyetoka bara kufika hapa alikuja na mnyororo shingoni. Kila mmoja. Akasema hakuna aliyerudi. Shangazi akauliza kwa upole, "Na wapagazi, mwanangu?" Yule kijana akamjibu bila hata kumtazama kwamba mpagazi na mtumwa ni kitu kimoja, hayo mengine ni hadithi za wazee za kuficha aibu.

Shangazi hakubisha. Alifungua fundo la kanga, akatoa kitambaa, akafuta uso, akarudi kukaa kwenye gari. Nilipomfuata aliniuliza, "Kwa hiyo mzee alitudanganya?" Mama wa umri ule, amesafiri kutoka Tabora, na kwa dakika kumi za uvivu wa mtu mmoja amenyang'anywa babu.

Tulimshawishi kwa shida ashuke Karavanserai, mahali ilipokuwa ikipumzika misafara. Mhudumu wa pale alikuwa kijana pia, lakini aliyeijua kazi yake. Alimwamkia shikamoo, akamtafutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza polepole. Njia ile kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kama kilomita 1,200, na walioitembea hawakuwa watu wa aina moja. Wapo waliotekwa na kuletwa kuuzwa, wengine wakiwa wamebebeshwa pembe njiani, na hilo halina wa kulifunika. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi kwa maelfu walikuwa watu wa ajira. Walipatana ujira wao kwa nguo, shanga na waya wa shaba, wakabeba mzigo wa kilo kama 30, wakagoma wakidhulumiwa na hata kumtoroka tajiri aliyewanyima posho. Walikuja na kurudi kwao, wengi zaidi ya mara moja. "Mama, mzee wako hakukudanganya," akasema.

Shangazi alisimama pale uani, akampigia simu mdogo wake Tabora, akaweka sauti ya juu, akamrudishia habari yote neno kwa neno, huku anamshika mhudumu mkono asiondoke ili aulizwe na wa upande wa pili.

Ndiyo maana nakwambia, mwongozaji mtafute mapema. Muulizie kwenye ofisi ya makumbusho yenyewe au ya wasimamizi wa majengo ya kale pale mjini, si kituoni. Mwombe kitambulisho kabla ya bei. Kisha mpime kwa swali ambalo jibu lake unalo. Kwa mfano, muulize David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kizungu, amezikwa wapi. Akikwambia amezikwa Bagamoyo, agana naye. Livingstone alifia Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa huko huko, na mwili ukabebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao hadi pwani. Mwezi wa Februari 1874 ulilazwa katika kanisa la Misheni, kwenye mnara ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, ukavushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa London. Muulize pia habari za handaki la siri kutoka Ngome Kongwe hadi baharini, ambalo watalii husimuliwa sana. Mwongozaji mzuri atakwambia hiyo ni simulizi, na atakutenganishia simulizi na ushahidi. Mbaya atakuonyesha tundu.

Nawe usiende kichwa kitupu. Soma hata kurasa mbili usiku wa kuamkia safari. Ujue kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 lakini biashara haikufa siku hiyo. Kwamba Ngome Kongwe ni nyumba ya mawe ya tajiri wa Kiarabu ya miaka ya 1860, iliyokuja kutumiwa na askari wa Sultani, Wajerumani, Waingereza na polisi wetu wenyewe. Kwamba Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na Boma lao unaloliona ni la mwaka 1897, yaani lilijengwa baada ya makao kuhama. Ukiyajua hayo, kila jengo litakaa katika zama zake. Asiyeyajua huona magofu yote kuwa ya utumwa, na wale waliopambana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889 hawawaoni kabisa.

Kwa sababu hiyo usiruke kumbukumbu iliyo mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliowapinga. Ni ndogo, haina mlango wala tiketi, na makundi huipita yakikimbilia soko la samaki. Abushiri, kiongozi wa upinzani huo, alinyongewa Pangani, Desemba 1889, lakini hapa walinyongwa wengine, na si wote ambao majina yao tunayo. Makaburi ya Wajerumani waliokufa wakati huo yamehifadhiwa vizuri, na yana majina. Nenda kote kuwili siku hiyo hiyo, uwaache vijana waone tofauti hiyo kwa macho yao.

Misheni ipe saa mbili nzima. Makumbusho yake ndiyo yenye vitu vingi vya kushikika kwa macho: picha za waliokombolewa, nyaraka, minyororo. Na hapa mwenye watoto anisikilize. Zungumza nao nyumbani, si mlangoni. Nimeona darasa zima likicheka mbele ya pingu, wengine wakiigiza kufungwa, mwalimu akiwapiga picha, wakati nyuma yao amesimama mzee akilia. Watoto wale hawakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyewaambia kabla kwamba pingu ndogo kuliko zote ilitengenezwa ili kufunga mkono wa mtoto wa rika lao. Waambie. Mtoto wa miaka minane anaelewa. Wa miaka minne mwache acheze chini ya mbuyu na mtu mzima mmoja.

Picha: uliza kwanza, kila mahali. Milango ya nakshi unayoipenda ni milango ya nyumba za watu, na nyuma yake kuna mama anapika. Wavuvi hawapendi kupigwa picha wakiwa kazini bila salamu. Polisi na ofisi za serikali usizipige kabisa.

Usiokote kitu. Kigae cha bakuli pale Kaole, ushanga mchangani, kipande cha nakshi kilichodondoka, vyote vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mtoto akiokota, mwambie akirudishe alipokitoa, kwa sababu mahali kilipolala ndipo penye habari yake.

Wazee wakae kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa, na dawa zao wawe nazo mkononi, si kwenye buti la gari lililoegeshwa mbali. Ngazi za majengo ya zamani ni za mwinuko mkali na hazina pa kushikilia, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aridhike na chini. Choo tumia unapokikuta. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, piga simu kwanza, maana vumbi la jana ni tope la leo na jengo linalovuja linaweza kufungwa bila tangazo. Ukimaliza mapema, nenda ufukweni, lakini watoto wasiogelee bila mtu mzima ndani ya maji pamoja nao, na simu na pochi usiviache mchangani. Usipite peke yako maeneo yasiyo na watu jioni, hasa vichochoro vya kuelekea pwani. Hesabu watu kabla ya kupanda gari, hesabu tena wakishapanda. Usafiri wa kurudi usiuachie saa moja usiku, na dereva awe amekula, amelala kidogo na hajaonja kitu.