Kufuatilia nasaba ya mkabaila wa Uingereza ya zama za kati: anzia kifoni

Usianze kwa kutafuta siku aliyozaliwa. Rejista za parokia zilianza 1538, na mtu wako alishazikwa zamani. Anzia kifo chake. Aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifariki, ofisa wa mfalme katika kila kaunti aliita wenyeji, kwa kawaida 12 au zaidi, akawaapisha na kuwauliza: alikuwa na ardhi gani, amekufa lini, mrithi ni nani, ana udugu gani naye, ana umri gani? Hati hizo, za miaka ya 1230 hadi ya 1640, zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London, na nyingi zina muhtasari uliochapwa kwa Kiingereza.

Chukua Edmund Mortimer, Earl (cheo cha ukabaila) wa tano wa March, aliyefia Ayalandi Januari 1425 bila mtoto. Hati za enzi ya Henry VI zimo kwenye fungu lenye namba C 139 huko Kew. Mrithi wake ni Richard, Duke wa York, mtoto wa dada yake Anne. Ukifuata jina la Mortimer peke yake utadhani ukoo umekwisha, kumbe umepitia kwa mwanamke. Sasa panda juu kutoka kwa Edmund: baba yake Roger (alikufa 1398), babu Edmund (1381), kisha Roger (1360). Majina yanapokezana, kwa hiyo andika mwaka wa kifo kando ya kila jina, la sivyo utamwoza mjukuu mke wa babu yake.

Tarehe ndizo zinazoangusha wengi. Mwaka ulibadilika 25 Machi, hivyo Januari ile ya 1425 mwandishi wa wakati huo aliihesabu 1424. Hati nyingi zinahesabu miaka ya mfalme: mwaka wa 3 wa Henry VI ulianza 1 Septemba 1424.

Angalia pia Kilatini. Neno *nepos* linaweza kuwa mjukuu au mpwa, na *consanguineus* ni ndugu wa damu wa aina yoyote. Usichore mstari kabla hujapata hati ya pili. Umri wa mtoto uliangaliwa kwa makini, maana mfalme alishika mali mpaka mrithi wa kiume afikishe miaka 21. Lakini "miaka 30 na zaidi" ni makadirio tu. Linganisha majibu ya kaunti mbalimbali.

Mnyororo ukikatika, tafuta sababu. Roger, Earl wa kwanza, alinyongwa 1330 kwa uhaini na ardhi yake ikachukuliwa. Mjukuu wake, yule Roger aliyekufa 1360, alirudishiwa cheo 1354. Hapo soma hati za amri za mfalme. Katika karne ya 15 wengi waliwakabidhi wadhamini ardhi yao, na jopo la wenyeji walioapishwa likajibu kwamba marehemu hakuwa na kitu. Tafuta wosia, au hati za mapatano ya ardhi mahakamani, ambazo zipo tangu 1195.

Michoro ya nasaba iliyokusanywa na maofisa wa nembo za koo kati ya 1530 na 1688 itumie kwa vizazi vilivyo karibu na mwanafamilia aliyewasimulia. Vya juu zaidi vilitokana na madai ya familia yenyewe. Kila jina la huko litafutie hati ya wakati wake.