Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Wahandisi wa Kijeshi Kwenda Kujenga Ng'ambo

Mhandisi wa kijeshi hufunzwa kujenga upesi, kwa matumizi ya wenzake, na mara nyingi kwa muda tu: daraja la kuvukia, kambi ya miezi michache, njia ya kupitishia malori. Zahanati au shule inayojengwa kwa ajili ya raia wa nchi nyingine itatumiwa kwa miaka mingi na watu ambao hawatamwona tena, na kwa hiyo makosa yake mengi hufanyika kabla meli haijang'oa nanga.

La kwanza ni kuuliza kama kikosi kinahitajika hata kidogo. Miongozo ya Oslo ya mwaka 1994 inaelekeza kwamba majeshi ya kigeni yatumike katika misaada ya maafa pale tu ambapo hakuna njia ya kiraia inayoweza kufanya kazi hiyohiyo. Linalofuata ni wakati. Mwaka 2014 jeshi la Marekani lilipelekwa Liberia kusaidia kujenga vituo vya kutibu Ebola. Baadhi vilifunguliwa maambukizi yakiwa yamekwisha kupungua, na vingine havikupokea mgonjwa hata mmoja wa ugonjwa huo. Lawama hapo haiwaendei waliopiga misumari. Mpango wenyewe ndio unaopaswa kuwa na mahali pa kusimama na kuuliza upya, pamoja na mtu mwenye mamlaka ya kuamuru kazi isitishwe.

Vifaa vya ujenzi vinastahili muda mrefu zaidi mezani kuliko jambo jingine lolote. Nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28, na zege lenyewe huhitaji kuwekwa katika unyevu kwa takriban wiki moja, hivyo kikosi chenye majuma sita tu hakiwezi kuuacha msingi usubiri. Mchanga wa pwani usiooshwa hubeba chumvi inayozila nondo kimyakimya hadi ukuta upasuke. Nondo nazo zina mtego wake: mchoro wa Kimarekani ukitaja namba 4, ambayo ni milimita 12.7, na soko la huko likauza milimita 12, eneo la chuma linapungua kwa zaidi ya asilimia 10, na uamuzi wa kukubali pungufu hilo ni wa msanifu, si wa sajenti aliyetumwa kununua. Vivyo hivyo, pampu ya volti 120 haina maana katika nchi ya volti 230.

Usafi wa kambi ya kikosi chenyewe husahaulika kwa urahisi, ingawa madhara yake yanaweza kuzidi faida yote ya ujenzi. Nchini Haiti, kipindupindu kilizuka Oktoba 2010 na kuhusishwa na maji taka ya kambi ya walinda amani yaliyoingia katika mto unaomwaga maji yake kwenye mto mkubwa wa Artibonite; maelfu ya watu walikufa, na mwaka 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliomba radhi. Basi mahali pa vyoo, mkandarasi atakayezoa taka na shimo atakakozimwaga vijulikane kabla ya hema la kwanza kusimamishwa, na mtu wa kikosi alifuate gari la mkandarasi huyo hadi mwisho wa safari yake.

Karatasi ni kazi ya kuchosha, lakini haikwepeki: mkataba wa hadhi ya majeshi (unaoeleza sheria zinazowahusu askari wa kigeni wakiwa nchini humo), misamaha ya forodha, hati inayoonyesha kiwanja ni cha nani. Mitambo ioshwe udongo wote, kwa sababu tingatinga lenye matope linaweza kuzuiwa bandarini.

Mwisho ni makabidhiano, ambayo huandaliwa mwanzoni. Wizara husika itamke kwa maandishi nani atalipa mshahara wa wauguzi au walimu, nani atanunua vipuri, na fundi gani wa hapo atashiriki ujenzi tangu siku ya kuchimba msingi. Yeye ndiye atakayebaki na michoro ya jengo jinsi lilivyojengwa hasa, katika lugha anayoisoma, ikionyesha mabomba ya maji yalikopita chini ya sakafu.