Kuonja Beaujolais ukiwa Hombolo

Mimi nalima zabibu Hombolo, Dodoma, ulimi wangu umezoea mvinyo mwekundu wa kwetu, ule unaokausha kinywa. Shemeji aliponiletea chupa ya Beaujolais, mvinyo mwekundu kutoka Ufaransa, niliiharibu: niliinywa vuguvugu, saa nane mchana, ikanuka spiriti tupu.

Sasa naiweka kwenye friji mpaka ipoe, ifike kama nyuzi 13. Umeme umekatika? Ndoo ya maji ya mtungi inaipoza kiasi. Mimina robo glasi tu. Ukijaza, harufu haina pa kukaa. Inamisha glasi juu ya gazeti: rangi ni ya juisi ya rozela, na maandishi unayasoma.

Zungusha, nusa. Zabibu yake ni Gamay, na mara nyingi huanza kuchachuka vichala vikiwa vizima, havijapondwa. Ndiyo maana inanukia stroberi, cheri, wakati mwingine hata ndizi mbivu. Usicheke, nusa tena. Piga funda dogo, vuta na hewa kidogo, lizungushe mdomoni. Mate yakijaa kandokando ya ulimi, huo ndio uchachu wake. Ukakasi hautauona sana.

Kuku wa kienyeji wa kuchoma anaendana nayo. Pilipili punguza.